Kura Moja Iliyoharibika

Kwetu mwizi hatafutwi, anapigiwa kura. Akipotea mbuzi, ikivunjwa pampu ya kisima, akipata mimba binti wa mtu na akagoma kumtaja mhusika, mwenyekiti wa kitongoji anaita mkutano, anagawa vikaratasi, kila mtu anaandika jina la anayemshuku. Atakayeongoza ndiye. Hakuna anayemuuliza siku ile alikuwa wapi. Niliwahi kuona mzee wa watu akihamishwa kijiji kwa kura kumi na tisa, na siku ya tatu mbuzi mwenyewe akarudi akiburuta kamba, kumbe alikuwa amenasa kwenye kichaka. Hakuna aliyekwenda kumwita mzee arudi. Walisema kura zimeshahesabiwa.

Mimi mambo hayo nilikuwa nayacheka. Nilikuwa mtu wa chuo, mwalimu wa somo la Uraia katika shule ya sekondari ya kata, upande wa Ilongero, mkoani Singida. Shule yenyewe sitaitaja, maana wanaoijua wanaijua na wasioijua hawajakosa kitu. Kila mwaka tukifika mada ya haki za binadamu niliandika ubaoni ibara ya kumi na tatu ya Katiba: mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, na mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Kisha natoa mfano wa yule mzee na mbuzi wake, darasa zima linaangua kicheko. Nawaambia huo ni ushamba, na dawa ya ushamba ni shule. Maneno hayo niliyasema kwa kinywa hiki hiki.

Mkuu wetu wa shule alikuwa mtu wa tai. Jua la saa nane, vumbi mpaka puani, yeye na tai yake nyekundu, utadhani kuna mgeni wa kitaifa yuko njiani. Alipenda sana maneno "utawala bora". Nyuma ya shule, mwendo wa robo saa, alikuwa na shamba la alizeti, na shamba hilo kwenye ratiba yetu liliitwa Elimu ya Kujitegemea. Aliyejitegemea ni yeye. Jumanne na Alhamisi baada ya mapumziko, hata kidato cha nne, watu wenye mtihani wa taifa mwisho wa mwaka, walifunga madaftari wakaenda kumlimia. Msimu wa palizi walipalilia. Msimu wa mavuno walivuna na kupura. Na mavuno yalipokwisha, badala ya kuwaacha wasome, aliwapa kung'oa visiki ili shamba lipanuke.

Aliyekosa kwenda alichapwa mstarini asubuhi, mvulana kwa msichana. Hapo tu ndipo usawa wa kijinsia ulipozingatiwa pale shuleni. Waraka unaosema nani anaruhusiwa kumchapa mwanafunzi, viboko vingapi, na kwamba msichana achapwe na mwalimu wa kike, ulikuwa kabatini mwangu, maana mafaili ya nyaraka nilikuwa natunza mimi. Niliutia kwenye mfuko wa plastiki usiliwe na mchwa. Katika shule nzima mchwa tu ndio waliokuwa na hamu nao.

Walimu sote tulijua. Kwenye ofisi ya walimu tulilalamika kwa sauti ya chini huku tukitafuna karanga, na tukisikia viatu vya mkuu kwenye varanda tunahamia kwenye mpira wa miguu. Mimi nilikuwa hodari wa kuhamia mpira. Nilikuwa naogopa uhamisho. Mwalimu mmoja aliyembishia mkuu alihamishiwa shule ambayo gari inafika mara moja kwa wiki, mvua ikinyesha haifiki kabisa. Nilikuwa nimejenga nyumba ya vyumba viwili, nimepanda na miembe. Basi ndiyo bei yangu hiyo, vyumba viwili na miche ya miembe.

Lakini dhamira ni kama kijiwe kwenye kiatu, unaweza kutembea nacho ila hutembei sawasawa. Jumapili moja nilijifungia ndani nikaandika barua kwenda ofisi ya elimu. Sikuandika kama mimi. Nilianza hivi: "Sisi wanafunzi wa kidato cha nne tunaandika kwa unyenyekevu." Nikataja alizeti, nikataja visiki, nikataja viboko, nikataja Katiba ibara mbili tatu ili ipate uzito. Na ili mwandiko usitambulike niliandika kwa mkono wa kushoto. Mkono huo haukuwa mgeni kabisa na kazi, kwani miaka miwili kabla ya hapo nilianguka na bodaboda nikitoka Ilongero, mkono wa kulia ukafungwa plasta muhula mzima. Nilipomaliza nilijiona mwanamapinduzi. Mtu mzima, mwenye ajira, mwenye cheti cha chuo, nimejificha nyuma ya sketi na kaptura za watoto, na bado nikajiona shujaa. Barua niliipeleka mjini mwenyewe, nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi siku isiyo ya kazi.

Haikupita wiki mbili barua ikarudi. Wakubwa wale waliisoma, wakaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "Mkuu wa shule, kwa hatua zako", kisha wakampelekea mlalamikiwa malalamiko yake. Ndivyo ofisi zetu zinavyolinda raia. Ukimshtaki fisi, faili linapelekwa kwa fisi ashughulikie.

Jumatatu asubuhi mkuu alisimama mstarini, tai imekazwa, ameinua ile karatasi juu pande zote nne kama mtu anayenadi kitenge. "Kikulacho ki nguoni mwako!" alinguruma. "Kuna mtu hapa, tena kidato cha nne, anakula ugali wa shule hii halafu anaichafua shule hii!" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake hatua mbili, nimemshikia faili.

Kwenye kikao cha walimu saa nne, mwalimu wa nidhamu alipendekeza tulinganishe miandiko. Mkuu alikataa, akasema mwandiko unaweza kubadilishwa, huyu mtu si mjinga. Nilishukuru kwa sifa. Kisha akasema, "Tupige kura. Wanafunzi wanajuana. Tena tunaye mzoefu wa uchaguzi hapa." Akaninyooshea kidole.

Ni kweli, uchaguzi mkuu uliopita nilikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura. Nilikuwa najua kukagua sanduku mbele ya mashahidi, kulifunga, kupanga foleni, kuhesabu, kujaza fomu. Na hapa ndipo nataka nisiwe mwongo. Badala ya kusema kwamba jambo hili ni haramu, kwamba Katiba inalikataa na akili inalikataa, mimi nilifurahi kutambuliwa. Nikauliza kama niandae fomu ya majumuisho. Mkuu akasema hilo ndilo analolitaka, mambo yaende kiutawala bora. Moyoni nilijipa matumaini kwamba kura zitagawanyika, kila mtu atapata mbili tatu, mshindi atakosekana, na habari itakufa yenyewe. Nilijua kosa halina mkosaji darasani mle. Wanafunzi hawakujua. Ukiwaambia watu arobaini wachague mkosaji, watachagua tu.

Sanduku hatukuwa nalo, ila tulikuwa na sanduku la maoni. Lilikuwa limening'inizwa ukutani nje ya ofisi tangu shule ifunguliwe, limepakwa rangi ya bluu, limeandikwa "Maoni yako ni muhimu", na kufuli lake lilikuwa limeshika kutu kiasi kwamba hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Nikalivunja kwa nyundo. Ndani mlikuwa na kiota cha nyigu waliokufa, karatasi za peremende, na maoni matatu. La kwanza liliomba maharage yachemshwe mpaka yaive. La pili liliomba mlango wa choo cha wasichana. La tatu liliandikwa na mtoto ambaye bila shaka sasa ni mtu mzima ana watoto wake: "Tunaomba sanduku hili lifunguliwe." Nililionyesha kwa mkuu nikidhani atacheka. Akasema, "Kung'uta, tuanze."

Kidato cha nne wakapangwa foleni. Nikawaonyesha sanduku tupu, nikaligeuza juu chini ili waridhike, hakuna kura za bandia. Nikawapa vikaratasi vyenye muhuri wa shule. Kila mmoja aliingia darasa tupu peke yake, akaandika, akatoka, akatumbukiza. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyechungulia. Ulikuwa uchaguzi safi kuliko mingi niliyoisimamia, na ninaona aibu kwamba hata leo nikiukumbuka nauona usafi wake kwanza.

Tulihesabia ofisini mwa mkuu, yeye na mwalimu wa nidhamu wakiwa mashahidi. Nilifungua karatasi moja moja nikasoma. Ya kwanza, binti fulani. Ya pili, huyo huyo binti. Ya tatu, mvulana mmoja mtoro. Ya nne, binti. Nikaendelea kusoma jina lile mpaka ulimi ukalizoea.

Huyo binti alikuwa mgeni pale. Kwao ni Kintinku, wilaya ya Manyoni. Alikuja kuishi na shangazi yake aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya kata, shangazi akahamishwa, yeye akabaki hosteli kwa kuwa alikuwa karibu kumaliza. Wenzake wengi walikuwa Wanyaturu wa pale pale, wanateta kwa lugha yao, yeye Mgogo peke yake. Walimsalimia kwa Kigogo, "mbukwa", kwa kumkejeli, naye aliitikia vizuri kabisa kama vile amesalimiwa na mama yake. Alikuwa wa kwanza darasani. Alikuwa anauliza maswali, na swali lake ukilijibu ovyo alikuwa anauliza tena, polepole, kana kwamba wewe ndiye mgumu wa kuelewa. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufanya kosa ili apigiwe kura.

Katikati ya kuhesabu nilifungua karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa maneno matatu: "Mwalimu wa Uraia."

Niliikunja tena mara nne, kama ilivyokuwa. Mkuu aliuliza, "Vipi?" Nikasema, "Imeharibika, mkuu. Haina jina la mwanafunzi." Sauti yangu ilitoka sawa tu. Kiutaratibu nilikuwa sahihi kabisa, wagombea walikuwa kidato cha nne na mimi si kidato cha nne. Nikaiweka pembeni, nikaendelea. Mwisho nikajaza fomu: waliopiga kura arobaini na mmoja, kura halali arobaini, kura iliyoharibika moja. Binti alikuwa amepata ishirini na tisa. Mkuu alinipa mkono akasema kazi nzuri. Kura iliyoharibika niliitia kwenye bahasha yake peke yake, kama taratibu zinavyotaka, nikaitia kabatini pamoja na ule waraka wa viboko.

Binti alisimamishwa masomo siku hiyo hiyo mpaka bodi ya shule ikutane. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki tatu. Alitoka na begi lake mgongoni, akapita mbele ya ofisi, akasalimia walimu mmoja mmoja shikamoo. Sote tukaitikia marahaba. Sisi ni watu wa adabu.

Bodi yetu haikuwa inakutana bila kuku. Singida ni mkoa wa kuku na wajumbe walilijua hilo vizuri kuliko walivyojua kanuni za bodi. Siku ya shauri walianza na mchemsho saa tano, na mama yake binti, aliyetoka Kintinku tangu jana yake, akasubirishwa kwenye benchi nje mpaka mifupa itolewe. Mwenyekiti alikuwa bwana mifugo mstaafu, mzee mpole, usingizi karibu. Mimi nilikuwa naandika muhtasari, kwa sababu mwandiko wangu wa kulia unasifika.

Mama aliingia na binti yake. Alikuwa amevaa khanga mbili safi, miguu ina vumbi la safari. "Shikamooni," alisema, ingawa nusu ya wale waliokuwa mezani angeweza kuwazaa. Mwenyekiti akamweleza shauri lote, barua, kura, matokeo. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, baba. Mimi sijasoma. Nauliza kitu kimoja. Huyu mwanangu alionwa na nani akiandika?"

"Mama, wenzake ishirini na tisa wamemtaja," mkuu alisema.

"Hiyo kura nimeisikia. Mimi naulizia jicho."

Mjumbe mmoja alichokoa meno. Mama akaendelea, taratibu tu, bila hasira yoyote niliyoiona. "Kwetu Kintinku kura tunachagulia mwenyekiti wa kijiji. Hii ya kuchagulia mwongo ndiyo naiona leo. Sasa kama ng'ombe zangu zikiugua, baba mwenyekiti, wewe ulikuwa bwana mifugo, ungezipigia kura ipi ina ugonjwa?"

Mzee mwenyekiti aliamka kabisa. Nadhani swali lilimgusa mahali. Alimgeukia binti akamwuliza ana la kusema.

"Nashukuru, mwenyekiti," binti alisema. "Naomba kwanza nisomewe barua, maana sijui imeandikwa nini."

"Usijifanye hujui!" mkuu alidakia.

"Mwalimu wetu wa Uraia ametufundisha ibara ya kumi na tatu," binti alisema, na sasa ananitazama mimi. "Mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Na ibara ya kumi na nane, mtu ana haki ya kutoa maoni. Hata kama ningekuwa nimeandika, sijui kosa langu lingekuwa lipi. Mwalimu yupo hapa, anaweza kueleza."

Meza nzima ikanigeukia. Mwenyekiti akasema, "Enhe, mwalimu. Wewe ndiye mtaalamu. Katiba inasemaje?"

Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu, na kila nikirudi namkuta yule yule bwana amekaa na kalamu yake, shati limefungwa kifungo cha juu, jasho linamtoka. Namdharau. Alikuwa na nafasi tatu. Angeweza kusema barua ni yangu. Akiogopa hilo, angeweza kusema kura si ushahidi. Akiogopa na hilo pia, angeweza kusema tu kwamba binti ni mtahiniwa aliyesajiliwa, na bodi ya wala kuku haina mamlaka ya kumzuia mtihani wa taifa. Lote hili nililijua. Niliinuka nikasema:

"Ni kweli ibara hizo zipo, mwenyekiti. Lakini tukumbuke kwamba haki na wajibu vinakwenda pamoja."

"Naam!" walisema wajumbe, wote kwa pamoja, wamefurahi, kama watu waliopewa mchuzi wa pili. Hakuna aliyeniuliza maana yake nini. Sina hakika kama ina maana. Ni sentensi ambayo nchi hii inaitumia pale mtu mdogo anapodai kitu.

Uamuzi ulikuwa kwamba bodi ni mzazi, haitaki kumharibia mtoto maisha. Kwa hiyo akiandika barua ya kukiri na kuomba radhi ifikapo Ijumaa, atafanya mtihani. Asipoandika, hatafanya. Niliandika hayo kwenye muhtasari kwa mwandiko mzuri. Mama aliposomewa alimtazama binti yake, akasema, "Mwanangu, andika. Uongo huu si wako, ni wao, wewe utaushikia kalamu tu." Akaaga kwa heshima akaenda kutafuta gari la Manyoni.

Binti alikuja Alhamisi, baada ya mapumziko. Ofisi ya walimu nilikuwa peke yangu. Dirishani niliwaona wenzake wakielekea shambani na majembe na mashoka, maana pamoja na barua, na kura, na bodi, visiki vilikuwa bado vinang'olewa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Alikaa, akatoa karatasi mbili na kalamu. Aliandika tarehe, akaandika anwani ya shule, akaandika kichwa cha habari: Kukiri Kosa. Kisha akasimamisha kalamu.

"Mwalimu, mkuu anataka nitaje niliyoyaandika kwenye ile barua, moja moja, na kila moja niliombee radhi. Sasa mimi sijaisoma. Naomba unitajie."

Aliuliza kama anavyouliza darasani. Sikuona uso wowote wa kunikomoa. Nami nikaanza kumtajia. Sikuhitaji nakala, barua niliijua kwa moyo. Nikasema aya ya kwanza ilikuwa juu ya vipindi kutumika shambani. Akaandika kwamba anaomba radhi kwa kusema vipindi vinatumika shambani. Nikasema ya pili ilikuwa juu ya viboko kwa wasichana. Akaandika kwamba anaomba radhi kwa kusema wasichana wanachapwa na mkuu. Mkono wake mwenyewe ulikuwa na alama ya fimbo juu ya kifundo, ya wiki nyingi, imeanza kufifia.

"Na yule wa kidato cha tatu aliyepondwa kidole na kisiki mpaka kikakatwa?" aliuliza. "Naye alitajwa?"

Sikuwa nimemtaja. Nilipoandika ile barua nilijali sana ibara, kidole nilikisahau.

"Hakutajwa," nikasema.

"Mimi ningekuwa nimeandika, ningeanza na huyo."

Aliongeza salamu za mwisho, wako mtiifu. Mimi nilikuwa natazama kabati lenye ile bahasha. Nikajisikia nauliza, sauti ndogo mno, "Ulijua tangu lini?"

"Siku ile mstarini. Mkuu alipoinua karatasi mimi nilikuwa mbele. Kidato cha pili, mwalimu, ulivunjika mkono ukatuandikia ubaoni muhula mzima kwa kushoto. Notisi zangu za muhula ule zote nilizinakili kutoka kwenye herufi zile. Ilinibidi nizizoee."

Muhula mzima. Nilikuwa nimeificha siri yangu kwenye mwandiko ambao darasa zima lilifundishwa nao, na nikajiita mwerevu. Pengine na wengine waliutambua wakaona heri wamwandike Mgogo.

"Sasa kwa nini hukusema?" nikamwuliza. Na aibu yangu ni kwamba swali lilitoka na lawama ndani yake, kana kwamba yeye ndiye aliyeniacha nipotee. "Bodi ilikupa nafasi. Kwa nini hukusema?"

Alikuwa anakunja karatasi. Alinitazama, akanijibu polepole, kama mtu anayerudia swali kwa mgumu wa kuelewa.

"Nilisema, mwalimu. Nilisema siku ya kura. Ukasema imeharibika."

Palikuwa na mstari wa shahidi chini ya sahihi yake. Akanisogezea karatasi nikasaini.

Mtihani aliufanya na alifaulu vizuri, matokeo yalibandikwa kila mtu akayaona, na mkuu akayatumia mbele ya wazazi kuonyesha jinsi nidhamu inavyozaa matunda. Siku hizi yuko juu zaidi, na tai zake ni nyingi zaidi. Mimi nipo pale pale. Miembe imeanza kuzaa. Sanduku la maoni nililirudisha ukutani, likapakwa rangi upya, kufuli jipya, na ufunguo ninao mimi.

Mada ya haki za binadamu bado naifundisha. Ibara ya kumi na tatu naiandika ubaoni, kwa mkono wa kulia, na wanafunzi wanainakili. Ule mfano wa mzee na mbuzi siutoi tena.